Kura Inayopigwa Baada ya Saa Kumi

Mdahalo wa wagombea ulipangwa kuanza saa tisa alasiri. Ulianza saa kumi na robo, maana spika za kukodi zilichelewa kuletwa kutoka Majengo. Zamu yangu ya kupanda jukwaani ilipofika ilikuwa saa kumi na moja kasorobo, na mtu wa kwanza niliyemwona akiinuka ni meneja wangu wa kampeni. Nikadhani anainuka kunishangilia, kumbe anatafuta begi lake. Kwao ni Mtongwe, ng'ambo ya feri. Akichelewa kidogo tu, hukuta banda la feri upande wa kisiwani limefurika wafanyakazi wanaorudi makwao, asukumane nao hadi avuke, kisha akifika Likoni aanze kupigania matatu. Alinipungia mkono akatoka, na nyuma yake wakatoka kama watu kumi na tano. Wote wa ng'ambo, wote kura zangu.

Hiyo ilikuwa mwaka 2019. Nilikuwa nawania ukatibu mkuu wa chama cha wanafunzi katika chuo kimoja cha kadri, kile cha vyeti na diploma, hapa Mombasa, nikashindwa kwa kura 37.

Kwa miaka kadhaa, kila niliposimulia kisa hiki, nilisema nilishindwa na pesa. Mwenzangu alikuwa na fulana, mimi nilikuwa na karatasi za kubandika. Yeye alileta viazi karai na maji ya ukwaju, mimi nilileta hoja. Ni simulizi inayompendeza mshindwa, hasa pale kwenye hoja. Lakini kila darasa lilikuwa na debe lake, na matokeo niliyanakili kwenye daftari ambalo ninalo mpaka leo. Nimeyapitia tena na hesabu imekataa kunitetea. Madarasa niliyoyashinda kwa mbali ndiyo yaliyojitokeza kidogo. Darasa letu la uwakala wa forodha lilikuwa na watu 44 na waliopiga kura walikuwa 19. Debe lilifunguliwa Ijumaa saa nane, likafungwa saa kumi na moja. Waliokwenda kuswali Ijumaa hawakurudi. Wenye vibarua walikuwa vibaruani. Wa ng'ambo ndio hao nimeshawataja. Hata viazi karai havikuwafikia, na mimi ndiye niliyekuwa nikisema vimewanunua.

Ndipo nikaanza kuuona uchaguzi wa wanafunzi kwa jicho jingine. Katika vyuo vyetu hivi, mshindi huamuliwa na watu wanaoweza kubaki chuoni jioni. Pesa zipo, ukabila upo, umaarufu upo, sikatai. Lakini vyote hivyo huwafanyia kazi waliobaki tu. Aliyeondoka saa kumi hanunuliki wala hashawishiki.

Chuo cha kadri ni chuo cha kutwa. Mtu hutoka kwao asubuhi, akasoma umeme, upishi, uhasibu au ufundi wa magari, akarudi kwao kulala. Wengine wana duka la kusimamia, wengine wana watoto, wengine huendesha tuktuk usiku ili walipe karo. Hali hii si ya Mombasa peke yake. Wamarekani wana vyuo wanavyoviita vya jamii, kikongwe chao cha umma kikiwa kile cha Joliet, karibu na Chicago, kilichofunguliwa mwaka 1901, na huko nako wanafunzi wengi husoma nusu ya muda huku wakifanya kazi, na vingi havina mabweni. Tofauti ni kwamba wenzetu wameiweka nafasi ya mwanafunzi ndani ya sheria. California, yenye vyuo 116 vya aina hiyo, sheria inataka bodi ya kila wilaya ya vyuo iwe na mwanafunzi mmoja, ingawa hana kura ya kuamua. Sisemi huko ni peponi. Nasema tu kwamba mwanafunzi wa kutwa wa huko ana kiti kinachomngoja hata akiwa kazini.

Sisi siasa zetu za wanafunzi tulizirithi kwa watu waliolala chuoni. Kila anayesimama jukwaani akapaza sauti "Makomredi!", akajibiwa "Pawa!", anaazima sauti ya mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kule ndiko alikotoka Titus Adungosi, mwenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi wa chuo hicho, aliyefungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, akafia gerezani mwaka 1988. Kule ndiko alikoongoza mwana wa Taita, Mwandawiro Mghanga, ambaye naye alionja jela miaka hiyo ya 1980 kabla ya kuja kuwa mbunge wa Wundanyi mwaka 2002. Ni urithi mzito na siudharau. Lakini ulijengwa na vijana waliokula pamoja, wakalala pamoja, na ambao mkutano wa saa nne usiku kwao ulikuwa ni kushuka ngazi tu. Ukiubeba ukauleta kwenye chuo ambacho saa kumi na mbili jioni mlinzi anafunga geti, ninyi mnabaki na kelele, yaliyomo hayapo.

Na tulichoendelea kukiiga baadaye ni kibaya zaidi. Aprili 2016 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa ghasia za uchaguzi wa SONU, na mwaka huo huo Bunge likaibadilisha Sheria ya Vyuo Vikuu: wanafunzi wa idara au vitivo wachague wajumbe, wajumbe ndio wachague viongozi, na asiwepo wa kukaa madarakani zaidi ya vipindi viwili. Nia ilikuwa kuzima fujo na fedha. Sheria ile ni ya vyuo vikuu; vyuo vya kiufundi vina sheria yake ya mwaka 2013. Lakini huwasikia viongozi wa vyuo vya kadri wakitamani nao wahamie kwa wajumbe. Mimi naona hiyo ni kumrahisishia kazi mnunuzi. Kura elfu moja zataka magunia ya viazi. Wajumbe arubaini wataka chakula cha jioni kimoja, na watakaokaa hadi jioni kukila ndio wale wale.

Kuna jambo ambalo hapa mjini hatulisemi kwa sauti, basi niliseme. Kila matokeo yanapotoka, huko barazani na kwenye simu hupita maneno kwamba watu wa bara wametunyang'anya chuo chetu. Nimeyasikia tangu nikiwa mwanafunzi na mwaka wangu niliyasema mwenyewe, Mungu anisamehe. Ukitazama orodha ya viongozi unaweza kuapa ni kweli. Sasa tazama wanakolala. Aliyetoka Kitui au Kisii kuja kusoma Mombasa hana kwao hapa, kwa hivyo amepanga chumba dakika tano kutoka getini, akishirikiana na wenzake wawili. Mikutano yote ataihudhuria, si kwa sababu ya kabila lake bali kwa sababu kurudi chumbani jioni ni kuvuka barabara tu. Mzaliwa wa hapa analala kwao: Likoni, Miritini, Mtwapa, Mariakani. Kila siku hutumia saa mbili tatu njiani. Jioni ikifika, chuo hubaki mikononi mwa wapangaji, na wapangaji wengi ni wageni. Ukihamisha debe kutoka alasiri kwenda asubuhi, "ukabila" huo nusu yake utaupeperusha. Nayasema haya kwa daftari langu: katika madarasa mawili yaliyokuwa na vipindi mpaka saa kumi na moja siku ile ya Ijumaa, kwa hiyo wote walikuwepo, mimi na mpinzani wangu tulikaribiana kabisa, ingawa humo mlikuwa na wa bara na wa pwani.

Kwa wasichana saa ni fupi zaidi. Katika darasa letu alikuwepo dada mmoja ambaye kwa ufasaha angenishinda bila kutoka jasho. Alichukua fomu ya uenyekiti, akairudisha baada ya siku tatu. Nilimuuliza kulikoni, akanieleza kwamba babake hakumkataza. Alimuuliza tu, "Hiyo mikutano yaisha saa ngapi?" Naye hakuwa na jibu la kumpa, maana mikutano yetu ilikuwa haina saa ya kwisha. Adhana ya magharibi ikilia binti hajafika nyumbani, hilo si jambo la kulizungumza mara mbili. Baadaye chama kikakumbuka sharti la theluthi mbili za jinsia, kikamtafuta msichana wa kujaza nafasi ya makamu, kikampata aliyekaa hosteli. Hakuna aliyeona ajabu. Sharti lilitimizwa, karatasi ikatiwa sahihi, na yule aliyefaa alikuwa kwao akimpikia nduguye mdogo uji.

Watu husema vijana hawajali. Siwezi kulikubali hilo baada ya Juni 2024. Siku zile za maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, Moi Avenue ilijaa sura ambazo naapa sikuwahi kuziona kwenye mkutano wowote wa chama cha wanafunzi, na kwenye baadhi ya mabegi nilitambua nembo za vyuo vyetu. Maandamano yale yalikuwa Jumanne na Alhamisi, mchana kweupe. Mtu aliweza kuandamana na akawahi feri.

Lakini tuseme umeshinda. Sasa kazi inaanza, na hapo saa inakuchapa kwa upande wa pili, maana mwanafunzi wa chuo cha kadri hakai. Mwenye cheti yuko mwaka mmoja au miwili. Wa diploma yuko miaka miwili au mitatu, na humo humo kuna miezi mitatu ya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, wakati mwingine zaidi. Mpinzani wangu aliapishwa Oktoba. Novemba ilikwenda kwa mitihani, Desemba likizo, na Januari akapelekwa atachimenti Voi. Aliendesha ofisi yake kwa simu hadi Machi, kisha corona ikatufunga sote majumbani. Hilo la corona ni bahati mbaya yake, lakini hata bila hilo, kati ya mwaka aliopewa alibakiwa na miezi minne ya kukaa ofisini, na miwili kati ya hiyo aliitumia kujua ofisi yenyewe inafanya nini.

Tulipatana baadaye, na sasa ni rafiki yangu wa kunywa naye kahawa tungu pale Mwembe Tayari. Siku moja alinisimulia siku ya kukabidhiwa. Katibu mkuu aliyemtangulia alikuwa ameshahitimu na yuko Malindi, kwa hivyo karani ndiye aliyemkabidhi katoni ya karatasi za fotokopi. Ndani yake mlikuwa na mhuri usio na wino, bango lililochanika la siku ya michezo, bahasha yenye risiti za soda, na ufunguo. Aliujaribu ule ufunguo kwenye kila mlango wa ofisi, kwenye kabati, hata kwenye kufuli la choo cha nyuma, na haukufungua chochote. Kumbukumbu za mikutano hazikuwamo. Barua walizoandikiana na uongozi wa chuo mwaka mzima hazikuwamo. Makubaliano ya karo, ambayo wanafunzi walikuwa wameyapigania mwaka uliotangulia, yalikuwa kichwani mwa yule aliyeko Malindi.

Katoni hiyo ndiyo inayonieleza kwa nini chuo chetu kilirudia vita vile vile kila mwaka: maji bombani, mashine mbovu karakana, gharama ya kukopa vitabu. Kila kamati ilianza sifuri. Ng'ambo ya meza alikaa afisa wa masuala ya wanafunzi mwenye miaka kumi na miwili kazini, anayekumbuka kila ahadi na namna ilivyosahaulika. Hahitaji kuwa mtu mbaya. Anachohitaji ni kuwa na subira hadi Januari.

Nichukue mfano wa jambo ambalo lingefaa kupiganiwa mwaka ule. Agosti 2019 ilitoka amri kwamba makasha ya mizigo inayoingia yapelekwe Nairobi kwa reli ya SGR. Mombasa ikatikisika. Mawakala wa forodha, mabohari ya makasha, madereva wa malori, wote wakaanza kupunguza watu, na Jumatatu baada ya Jumatatu kukawa na maandamano mjini. Kwa darasa letu hilo halikuwa habari ya gazetini. Kampuni zilizokuwa zikichukua wanafunzi sita sita wa atachimenti zilianza kutuambia hata waliopo hawana kazi ya kuwapa. Bila atachimenti hukamilishi kozi. Hapo ndipo chama cha wanafunzi kingekuwa na kazi ya kweli: kukaa na chuo, kutafuta nafasi kwingine, kuomba waliokosa waruhusiwe kufanya mradi badala yake.

Unajua nani katika wagombea tisa alilizungumzia? Hakuna hata mmoja. Na mimi nimo, mimi niliyekuwa nasomea forodha yenyewe! Ilani yangu ilikuwa na mambo kumi. La kwanza Wi-Fi, la pili uwanja wa mpira, la tatu siku ya vipaji. Atachimenti ilikuwa ya tisa, mstari mmoja. Niliandika nilichojua kitapigiwa makofi saa kumi na moja jioni, na wenye kilio cha atachimenti walikuwa njiani kwenda kwao. Amri ile ilikuja kuondolewa Septemba 2022. Wenzangu wanne walikuwa wameshaacha kozi bila ya cheti, mmoja wao sasa anauza mitumba Kongowea na ukikutana naye hakwambii alisomea nini.

Pesa za chama nazo zinataka mtu wa kuzikalia. Kila fomu ya karo tuliyojaza ilikuwa na mstari wa ada ya chama, shilingi 500 kwa mwaka. Tulikuwa takriban 2,000, kwa hivyo hiyo ni milioni moja. Sijapata kumsikia mgombea, wakati wangu au baadaye, akiuliza kampeni nzima ile milioni iko wapi. Tulikuwa tukibishana nani alichapisha fulana nyingi, kumbe fulana zote zile pamoja hazikufika shilingi elfu hamsini. Kuifuata milioni kunataka uende ofisi ya uhasibu asubuhi, uombe taarifa, uambiwe urudi kesho, urudi, uambiwe anayehusika yuko semina. Hakuna mpiga makofi huko. Siwezi kusema imeibwa, maana sina ushahidi na kwa kweli sidhani. Nadhani ilikwenda kwenye usafiri wa timu na ziara za mafunzo, kama ilivyoandikwa kwenye bajeti ambayo hakuna aliyeisoma.

Halafu kuna masharti ya kugombea. Chuo changu kilitaka mgombea awe hana deni la karo. Kwa juu juu ni sharti la haki: kiongozi awe mfano. Karo rasmi ya vyuo vya kiufundi wakati ule ilikuwa Sh56,420 kwa mwaka, Sh30,000 kati ya hizo zikiwa ni ruzuku. Ruzuku ikichelewa, taarifa yako ya karo inasoma deni, hata kama wewe mwenyewe umelipa fungu lako. Mwaka wangu wagombea wawili walikatwa namna hiyo. Mmoja aliuza simu yake kulipa, akarudishwa kwenye orodha siku mbili kabla ya kura, akiwa sasa hana simu ya kufanyia kampeni. Ningekuwa na uwezo, sharti hili ningelilegeza: mwenye mpango wa kulipa uliokubaliwa na ofisi ahesabiwe amelipa. Anayejua uchungu wa karo ni yule anayedaiwa.

Mengine ninayoyataka si makubwa. Kura ipigwe darasani, kipindi cha kwanza asubuhi, kwa siku mbili, na wale wa madarasa ya jioni wapelekewe debe lao jioni hiyo hiyo. Mdahalo uwe saa saba, watu wakila. Makamu na naibu katibu watoke mwaka wa kwanza, ili Januari mkubwa akienda Voi abaki mtu. Na katoni ile iwe na daftari la kumbukumbu, na asilipwe marupurupu ya mwisho asiyelikabidhi. Nimewahi kuyasema haya mbele ya walimu, nikajibiwa kwamba kura ya asubuhi itakula masomo. Itakula dakika ishirini. Mbona siku ya michezo hula siku nzima na hatulalamiki?

Wengine hunambia hayo yote ni mambo ya kale, tupige kura kwa simu. Sipingi teknolojia, ila nimeona kwa macho yangu kijana mmoja akiwa na nywila za wenzake wanane, amewapa bando la shilingi ishirini kila mmoja. Debe la mbao lina wivu wake, huwezi kulitumia ujumbe usiku.

Mji huu lakini unajua namna ya kuanzisha chuo kwa ajili ya watu wake. Pale Tudor, kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa mwaka 2013 kilianza masomo mwaka 1951 kikiitwa MIOME, taasisi ya elimu kwa Waislamu, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni. Kikapanuliwa milango, mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na vizazi vya mafundi wa mji huu vikapita pale. Kisha kikapanda ngazi. Hilo ni jema, lakini ukiuliza wazee wetu, watakwambia politekniki ilikuwa ni ya kila mtu, na wanayemzungumzia ni fundi aliyesoma huku akifanya kazi. Nafasi ile ya fundi anayesoma huku akifanya kazi sasa imeangukia vyuo vya kadri, na fundi huyo bado anatoka saa kumi.

Mwezi uliopita nilivuka feri kwenda mazishini Shelly Beach. Katikati ya mkondo nilisikia sauti ya mwanamke ikipanda juu ya injini. Nikadhani ni mhubiri, au muuza dawa ya meno. Alikuwa mgombea, mama wa makamo kidogo kuliko wenzake, ana watoto wawili, anasomea upishi, amesimama karibu na ngazi akiwa na mkoba wa ununuzi begani. Hakugawa kitu. Aliwauliza waliokuwa na vitambulisho vya chuo shingoni wanyanyue mikono, ikanyanyuka kama thelathini, kisha akawauliza nani kati yao alipiga kura mwaka jana. Ikabaki miwili. Watu wakacheka, naye akacheka.

Nilimfuata tulipokuwa tunashuka. Aliniambia humu ndimo anamofanyia kampeni, asubuhi akienda na jioni akirudi. "Ukumbini wananikimbia," akasema. "Hapa wataruka majini?" Nilimuuliza amefikia wapi na ile habari ya saa ya kupiga kura, maana kulingana na tangazo la chuo chake ni Ijumaa tena, alasiri tena. Akatoa simu mkobani, akanionyesha picha. Ilikuwa nakala ya barua yake ya kuomba kura ipigwe asubuhi, imepigwa mhuri wa kupokewa, tarehe inasomeka vizuri, wino mbichi. Amepiga picha tatu za mhuri huo, akamtumia moja mdogo wake aliye mwaka wa kwanza ili aiweke. Kisha akatupa salamu, akauwahi mlango wa matatu ya Ukunda kabla haijajaa.